Jina Alilolitaja Sebahire

Gisenyi, Jumapili usiku, 1956

Tena mbele ya watu wote! Sebahire, kijana wangu ninayemfundisha kuruka juu, leo ameivuka fimbo iliyowashinda warukaji wote waliotoka Rugerero. Alipotua akasimama kujisifu, kama ilivyo desturi, na kumtaja aliyemfikisha pale. Si mimi. Hamisi!

Hamisi mwenye duka, anayekuja kiwanjani jioni kupiga makofi tu. "We ni simba! Iko muzuri sana!" Hata Sebahire akiangusha fimbo, muzuri.

Mimi ndiye niliyeurekebisha mguu wake wa kushoto, kwa jua na kwa mvua. Makosa yake yote nilimwambia. Uzuri wake sikumwambia, nilidhani anaujua. Kwani nani haujui?

Wivu umenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Hata ugali sikumaliza.

Bon, haya. Kesho nitamsifu kwanza, halafu ndiyo nimwambie habari ya mguu. Nimejaribu sasa hivi kwa sauti, hapa mezani: "Sebahire, jana uliruka muzuri."

Mke wangu akashtuka kitandani: "Ee Baba Zaina, unamugombeza nani tena usiku huu?"