Mtani Wangu Jumanne na Zile Kumi za Juu

Mtani wangu Jumanne,

Sikusalimii. Mimi ndiye mkubwa, wewe umenizidi haraka ya kuondoka tu, kwa hiyo shikamoo inatoka kwako. Nasubiri. Haya, nimekusamehe, mtu mwenye mchanga mdomoni atasema nini.

Nakuandikia kwenye karatasi za nyuma za daftari la kinu cha alizeti. Darasa la nne langu unalijua, usianze kuhesabu makosa. Hapa Kinyangiri alizeti zimeshavunwa. Ng'ombe wako yule mwekundu amezaa dume, lina kichwa kikubwa kama chako. Kichuguu chetu cha nyuma ya kinu, pale mtandao unapokamata, siku hizi nakaa peke yangu. Zamani watu wakipita walikuta wazee wawili wanatukanana, wakaenda zao wanacheka. Sasa wananisalimia kwa upole. Upole wao unaniudhi.

Nakumbuka Zaituni wako alivyotuletea zile simu mbili kuukuu kutoka Mandewa, akatuwekea lile gemu. Akasema, "Baba, na wewe baba mkubwa, badala ya kutukanana kutwa, kapiganeni na mazimwi." Binti mwenye akili, sijui alimrithi nani. Tukaanza. Kila ukipanda ngazi unapewa pointi, unachagua mwenyewe uzitie wapi. Mimi zangu zote nikazimwaga kwenye kupiga. Mashoka mawili, kifua wazi. Wewe zako ukazitia kwenye kujikinga, ukajivika machuma mpaka mtu wako akawa anatembea kama debe. Nikakuita Kobe. Ukaniita Jogoo.

Na lile Zimwi la Nyundo la pangoni. Nalichapa vizuri, linanirudishia pigo la kawaida, navumilia. La pili, navumilia. Halafu linakuja lile pigo zito la ghafla, wenyewe wanaliita kriti, simu inawaka nyekundu na mimi chali. Nikigeuka wewe bado umesimama. Nikasema gemu hili linapendelea Waislamu. Ukacheka mpaka ukakohoa.

Ndipo ukachukua kifuniko cha ndoo, ukapanga mbegu za alizeti. Kumi. "Hili ni pigo la kawaida." Ukaongeza kumi nyingine juu yake. "Hili ni kriti. Haliji kila mara, lakini likija ni ishirini." Ukanitazama kama mwalimu anayemtazama mjinga. "Sasa sikiliza, Jogoo. Chuma cha kawaida kinapunguza kila pigo. Kuna vazi jingine, kazi yake ni kriti tu. Zile kumi za kwanza haligusi, hizo utakula tu, mtani. Linatoa hizi za juu." Ukaondoa tano. Zikabaki kumi na tano. "Una damu ya kumi na nane. Kwa ishirini umekufa. Kwa kumi na tano umeumia, lakini umesimama."

Nikakuuliza mbona lisitoe zote. Ukasema vazi la hivyo halijashonwa.

Mimi nikazikusanya mbegu zako nikazitafuna zote, maganda nikakutemea miguuni. Hilo ndilo jibu nililokupa, Jumanne. Hiyo ndiyo alasiri yetu ya mwisho.

Asubuhi yake ukafungua zizi, ng'ombe wakatoka, wewe hukutoka. Walisema presha.

Sasa nifike pale ninapopakwepa. Ukoo wenu na wetu ni watani tangu kwa babu zetu, na kazi ya mtani msibani unaijua. Nilitakiwa nikae mlangoni, nizuie jeneza, niseme huyu mvivu haendi popote mpaka amalize kupalilia shamba lake. Watu wabembeleze, nikatae, wacheke huku machozi yanawatoka, ndipo nikupishe. Wewe kwa marehemu kaka yangu ulilala kaburini kabisa, ukasema kitanda hiki kizuri, atafutiwe kingine. Mama yangu alicheka. Siku ile ile anamzika mwanawe, mama yangu alicheka.

Walipokuinua, watu wote wakanitazama. Hadija, mkeo, akanitazama toka kule kwenye mkeka. Mimi, mdomo huu unaoujua... nikasogea pembeni. Nikakupisha kama mgeni. Hadija akasema taratibu tu, "Hata wewe, shemeji?"

Basi. Tangu hapo nikawa napita njia ya nyuma ya bwawa ili nisipite kwenu. Nikimwona barabarani najifanya nafunga kiatu. Mimi ninayevaa kandambili!

Wiki ya tano nikafungua gemu. Jina lako liko pale pale, limefifia rangi ya majivu. Nikabonyezabonyeza kwa hasira, nikaingia mahali ambapo sijawahi kuingia, kumbe humo gemuni kuna sanduku la kupokelea mizigo. Mna kitu kimoja. Kimetoka kwako, alasiri ile ile, naona ulikituma mimi nimeshakupa mgongo. Lile vazi. Na maneno mawili, "Vaa, Jogoo."

Nilikaa juu ya kichuguu mpaka jua likanichoma shingo.

Nikalivaa. Nikaingia pangoni na watu nisiowajua. Zimwi likanipiga la kwanza, la pili, kisha ikaja kriti. Simu ikawaka nyekundu. Nikafumba macho, na tusi nimeshaliandaa. Nilipofumbua, nimesimama. Damu imebaki kidogo kama ya kupe mwenye njaa, lakini nimesimama. Dakika moja baadaye nikafa kwa pigo la kawaida, uzembe wangu, hilo liache.

Pale ndipo akilini nikamwona tena Hadija kwenye mkeka. Kifo chako kingempiga tu, wala hakuna ambaye angekizuia. Ila zile za juu zilikuwa kazi yangu, mtani. Nilimwachia ale zote ishirini, peke yake, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa nimevaa kitu.

Arobaini yako ikafika. Nikamwomba Zaituni koti lako la kahawia na kofia yako. Akanipa, hakuuliza. Watu wamekaa, dua imeisha, pilau inapakuliwa, nikaingia kwa mwendo wako ule wa debe, tumbo mbele. Nikasimama mlangoni nikafoka kwa sauti yako, "Hadija! Chai ya watu iko wapi? Siku arobaini mtu yuko safarini, anarudi hata maji ya kunawa hakuna!"

Hakuna aliyecheka, Jumanne. Nikajua nimeharibu. Shehe akatazama chini. Halafu Hadija akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka ushungi ukamwanguka, akanirushia kata ya maji, kisha akalia kweli, kilio kirefu, na wanawake wote wanalia na kucheka pamoja naye. Akajifuta. Akasema, "Umechelewa, mshenzi wewe. Kaa ule."

Nikakaa. Nikala sahani mbili, moja kwa niaba yako.

Sasa nipumzike mkono. Nakuahidi hivi. Kila Ijumaa nitapita kwenu kwa njia ya mbele, nimtukane Hadija kidogo, naye anitukane. Pointi zangu zote mpya zinakwenda kwenye kujikinga, umeshinda, usijisifu. Zimwi bado lipo, na siku likianguka nitalitemea maganda kwa jina lako. Na siku yangu ikifika, sijui nani atanilalia kaburini. Hilo nalo ulipaswa kulifikiria kabla ya kukimbia.

Lala, Kobe. Kumi za kwanza nazila kila siku. Vazi sijalivua.

Mtani wako,
Jogoo