Nafasi Kando ya Baba

Tarehe 3 Februari, mwaka wa thelathini na nane tangu niondoke

Mdogo wangu Chiriku,

Salamu zangu kwako, kwa wanao, na kwa Shangazi pale kitandani kwake. Natumaini goti lako limetulia, na kwamba bado unasema kuliko unavyosikiliza, maana siku utakayonyamaza ndipo nitajua kweli unaumwa. Mimi ni mzima kwa kiasi cha umri wangu. Moyo ulinisumbua mwishoni mwa mwaka, nikalazwa, nikarudishwa nyumbani na dawa za rangi tatu na onyo la kutopanda ngazi. Nakaa ghorofa ya nne. Daktari hakuuliza.

Kulazwa kule kumewatia hofu binti zangu. Juzi mkubwa alinikalisha mezani, akaniuliza kwa adabu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kukinunua: "Baba, ikitokea, tukulaze wapi?" Mama yao amezikwa hapa, umbali wa kituo kimoja cha basi kutoka kwangu, na walidhani jibu wanalo tayari. Nikajisikia nikisema: kando ya baba yangu.

Nilishangaa mwenyewe. Kaburi lake sijaliona. Alipokufa barua zilikuwa hazipiti, na habari ilinifikia baada ya mwaka, kwa mtu aliyeisikia kwa mtu. Nilikuwa kwenye kiwanda chetu cha uchapaji, nasahihisha chapa ya kitabu cha hesabu cha shule, nikamaliza ukurasa. Tangu siku hiyo najua kwamba Baba amekufa kama ninavyojua urefu wa mto ambao sijauona. Kuamini ni jambo jingine, na sijalifikia.

Sasa njia iko wazi, na watawala waliotufukuza nchini wamezeeka kuliko sisi. Nataka kuja kabla ya mvua. Nawe niwekee ile nafasi ya upande wa ukutani uliyonieleza zamani.

Kaka yako

*

Tarehe 1 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Goti nalo halijambo, linatabiri mvua zisizokuja. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, kisha nikaisoma nimekaa, kisha nikamsomea Shangazi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kaka, nafasi ni moja. Upande mmoja wa Baba yuko Mama, na upande wa pili ndio huo wa ukutani. Makaburi yenyewe yamejaa. Wanaokufa siku hizi wanapelekwa ng'ambo ya barabara kuu. Miaka yote hii nimewazuia watu: "Hapo ni pa kaka yangu." Sasa Shangazi amepaomba. Unajua walikuwa yatima, na Baba ndiye aliyemlea dada yake huyu tangu hajaanza kutembea. Nilipomsomea ulichoandika alisema: "Mwambie mwanangu, makaburini watu hawashikiani viti kama harusini. Anayetangulia ndiye anayekaa." Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akalia kidogo, akageukia ukuta. Wewe ndiye mkubwa, neno ni lako, nami sitalisukuma huku wala kule.

Sasa la furaha. Mwanangu, ambaye ndiye anayeshika karakana ya viatu ya Baba, alikuwa akisafisha rafu ya juu. Unakumbuka Baba hakumshonea mtu kiatu kabla ya kumchongea kalibu zake, ile miguu ya mti. Na mteja akinenepa au akizeeka hakuchonga nyingine, alibandika vipande vya ngozi juu ya zile za zamani, pale mguu ulipobadilika. Basi, zimeonekana zako. Ulipoondoka zilikuwa mti mtupu, nyembamba, miguu ya kijana. Sasa zina ngozi juu ya ngozi, Kaka. Kidogo kisiginoni, kidogo juu ya unyayo, na pembeni ya kidole gumba kuna nundu nzima. Mwanangu akauliza, "Mjomba alirudi lini kupimwa?" Nikamwambia hajawahi kurudi. "Basi hii si miguu yake," akasema, na tayari ana kisu mkononi, anataka kuzibandua. Nilimkamata mkono nusura tuumizane.

Nimemwambia akushonee viatu kwa kalibu hizo hizo, bila kupunguza kitu. Uje navyo miguuni.

Dada yako

*

Tarehe 30 Machi

Mdogo wangu,

Nakusalimu na nyumba nzima. Mwambie Shangazi maneno yake yamenifika; yananichoma na kunichekesha kwa zamu. Afya yangu ni ile ile.

Kabla sijamjibu, nieleze jambo moja. Baba alikufaje? Umekuwa ukiniandikia kwamba alipumzika, nami sikuuliza zaidi. Maisha yangu yote ya kazi nimelipwa kwa kuyatilia shaka maneno ya namna hiyo. Usinipambie. Andika ulichokiona. Na ngozi zile, alikuwa akizibandika lini, na kwa kipimo gani?

Kaka yako

*

Tarehe 22 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Natumaini dawa unazimeza, hata ile ya rangi usiyoipenda. Hapa tu wazima, ila Shangazi sasa analishwa kwa kijiko.

Umeuliza, nakujibu. Yalikuwa mapafu. Alihangaika na pumzi siku nyingi, na ilimtisha. Usidhani alikuwa jabali. Mara moja alinishika mkono akasema, "Chiriku, naogopa." Nikamwambia hata mimi. Akasema, "Basi tuko wawili, si haba."

Asubuhi ile aliomba tumpeleke karakanani. Tukamketisha kwenye kile kiti chake kifupi. Akashika msharasi, lakini hakutoboa kitu, aliushika tu. Mpishi wa hospitali akapita kuulizia viatu vyake. Baba akamwambia, "Kesho." Yule mpishi akasema, "Fundi, hiyo kesho yako nimeizoea mpaka watoto wangu wanaijua." Baba akacheka, na kicheko hakikufika mwisho. Nilikuwa nimemkumbatia kwa nyuma, nikasikia mgongo wake ukilegea. Ndivyo ilivyokuwa. Neno lake la mwisho duniani lilikuwa uongo wa mafundi, na mpishi wa watu alilia kuliko sisi.

Kalibu zako alizishusha kila mwaka, mwezi ule ulioondoka wewe. Kipimo kilikuwa mguu wake mwenyewe. Anavua kiatu, anajipapasa, anasema, "Nilipokuwa na umri wake wa sasa, mimi nilianza kuvimba hapa." Anakata kipande, anabandika. Wakati huo hatukuwa na barua yako hata moja. Mama alikuwa ameshaanza kukulilia kama maiti, na majirani walishauri tukusomee dua ya marehemu tupumue. Siku moja nilimjia juu: "Baba, una habari gani ambayo sisi hatuna?" Hakuinua hata kichwa. Akasema, "Sina. Lakini mtu akiwa hai, mguu unapanuka."

Viatu vimeondoka na posta ya leo.

Dada yako

*

Tarehe 9 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Hatujambo kwa shida. Kwamba viatu vilifika najua, posta wameniambia ulivipokea mwenyewe. Mvua ulizotaka kuziwahi zimekuja na zimekwisha. Nilimpigia binti yako simu, akasema uko salama ila siku hizi unatembea sana. Sijui maana yake nini.

Shangazi hali chakula tena. Jana alifumbua macho akaniuliza, "Yule kaka yako bado anafunga kamba za viatu?" Mlinzi wa makaburi naye anataka kuambiwa pale ni pa nani. Kaka, usiogope kunikasirisha. Sema unakuja, au sema huji, yote nitayabeba. Kimya ndicho kinachonishinda.

Dada yako

*

Tarehe 25 Agosti

Mdogo wangu Chiriku,

Barua hii inakuja kwa njia ya haraka, naomba imkute Shangazi. Kabla hujaendelea kusoma, mbusu mkono kwa niaba yangu. Mimi sijambo. Na ni kweli, nimekuwa nikitembea.

Viatu vilipofika niliviweka mezani nikavitazama siku nyingi bila kuvijaribu. Niliogopa vitanitosha barabara, nami uzeeni nianze kuamini kwamba Baba alikuwa akiniona kutoka mahali fulani. Kisha nikavivaa. Cha kushoto kilikaa kama soksi. Ile nundu ninayo, pembeni ya kidole gumba, pale pale alipoiweka. Cha kulia kilinibana hadi machozi. Nikiwa bado mgeni hapa, robota la karatasi liliniangukia mguu huo kiwandani. Mifupa iliunga vibaya, na mguu ukapanukia upande wake wenyewe. Hilo Baba hakulijua. Angelijulia wapi?

Nikakaa kitandani na viatu viwili, nikalia kwa ajili ya hicho kilichobana. Ndicho kilichonihakikishia kwamba hakuwa na habari yoyote. Alikuwa mzee mwenye mguu wa mti mapajani, kila mtu akimwambia mwanawe amekufa, na bado anakata ngozi. Nimesoma vitabu vingi juu ya imani, vingine nimevisahihisha, na siku zote nilidhani mwenye imani anajua kitu nisichokijua mimi. Baba hakujua. Alibandika tu.

Ndipo nilipoamini kwamba amekufa. Nimeyaamini yote: pumzi, woga, mpishi wa hospitali. Nilitegemea kwamba nikishaamini, atanitoka. Hakunitoka. Nimeanza kusali tena, kwa kubabaika, kama mtu anayeongea lugha aliyoiacha utotoni. Yeye alinihesabu kuwa hai bila kuniona, kwa miaka. Mimi nami namhesabu kuwa hai kwa Mungu, simwoni, na sina habari kuliko alizokuwa nazo yeye.

Cha kulia nilikipeleka kwa fundi wa mtaa huu akakipanua. Akakigeuzageuza, akauliza nani kakishona. Nikasema mpwa wangu, kwa vipimo vya baba yangu. "Na huu mguu nani kaukosea?" Nikasema, Baba. "Mwambie asijali," akasema, "kazi ni nzuri." Nikamwambia nitamfikishia.

Sasa kila asubuhi, daktari apende asipende, nashuka ngazi na kutembea hadi kaburini kwa mke wangu. Nang'oa majani, nampa habari za binti zetu, narudi polepole. Mkubwa amenifuata mara mbili kwa siri, akijificha nyuma ya magari yaliyoegeshwa. Na unene wake ule, Chiriku, mtu angemwona kutoka mwezini.

Nafasi ni ya Shangazi. Mwambie leo, kwa sauti yako, asikie kwamba simpi kwa kulazimishwa. Na mlinzi mwambie hivyo hivyo.

Wewe usijiulize kama ni moyo wangu, au daktari, au nauli. Ningeweza kuja. Kwa Baba nimeshafika, na kwangu ni hapa. Sitarudi.

Kaka yako