Mrithi wa Kapteni Pell

Jumatatu, 14 Julai 2025

Leo nimerithi jumba Uingereza! Madirisha hayahesabiki, bwawa la bata maji, miti imesimama mistari kama askari. Mimi Balagizi, mtoto wa mchunga mbuzi wa kule kijijini Walungu!

Uongo. Nimerithi kiti tu. Na nimekirithi kwa makalio.

Ilikuwa hivi. Bibi Joan wa Seven Hills, mtaa wa jirani, yule mzungu ambaye binti yangu Léocadie alikuwa anamtunza, amefariki. Bado hawajamzika, na mpwa wake anakimbiza vitu viuzwe. Kiti cha ukoo kimewekwa kwenye garage yetu hapa Doonside mpaka Jumapili, watu wa auction, wale wa mnada, waje. Mbao nyeusi, mikono ina vichwa vya simba. Nikakijaribu. Nikakunja nne, nikaita: Léocadie, lete chai ya bwana mkubwa!

Akapiga kelele. "Papa! Ondoka! Kiti ya mfu, na matanga haijaisha!"

Mama yangu! Kwetu anayekalia kiti cha mfu kabla ya matanga kwisha, huyo ndiye mrithi. Anachukua mali, anachukua na yote ambayo marehemu hakuyamaliza. Nilicheka. Kicheko cha juu juu.

Jumanne, 15 Julai

Kibaya zaidi: Joan mwenyewe hakuwahi kukikalia. Alikiwekea maua. Kilikuwa cha babu wa mababu zake, Kapteni Pell. Alinisimulia siku moja tukinywa chai, sauti chini kama mtu wa umbea kanisani. Kapteni alikuwa na meli. "Alibeba mizigo," alisema. Mizigo gani, Mama? Akaichovya biskuti yake kwenye chai. Watu, akasema. Aliwanunua pwani ya Afrika Magharibi, akawauza kwenye visiwa vya miwa, ndipo akajenga jumba kwao Uingereza. Waliougua njiani aliwatupa majini. Yeye alifia kitandani, mnene, kofia ya kulalia kichwani.

Basi sikumrithi Joan. Nimemrithi kapteni! Makalio haya yana balaa.

Alhamisi, 17 Julai

Mchana jua la baridi, maana huku Julai ndiyo kipupwe, liliingia garage, nikasinzia palepale kwenye kiti. Nimesharithi, niogope nini tena?

Bahari ikaja. Polepole, bila kelele, kama paka. Mashine ya kufulia ikaelea, taa ya juu ikawa mwezi. Wakaingia watu, miguu inachuruzika, wakajipanga ukutani kama wageni wasiotaka kusumbua. Si wakali! Afadhali wangekuwa wakali, ningekimbia. Mama mmoja akanisemesha. Lugha yake siijui, lakini niliielewa, kama wajukuu wangu wanavyoelewa Kiswahili — na kama wao, nikamjibu kwa Kiingereza. "Sorry, love." Aibu gani!

Aliuliza: Mwenye nyumba, tukae wapi?

Nimeamka, soksi zimelowa. Léocadie anasema nimemwaga chai. Labda.

Ijumaa, 18 Julai

Nimempigia Ndikumana, rafiki yangu Mrundi. Alicheka mpaka akakohoa. "Mzee, kiti kiende auction na ndoto zako ziende nacho!"

Nikamwambia, kiti kitaenda, mrithi atabaki.

Akaacha kucheka. Hata kwao mila hii wanaijua. Akauliza polepole: "Sasa mrithi anafanya nini, Mzee?"

Anamaliza matanga. Wale watu hakuna aliyewakalia matanga hata siku moja. Walitupwa, meli ikaendelea, bwana akaenda kupanda miti yake.

Jumamosi, 19 Julai

Kesho kiti kinaondoka. Kikitoka kabla ya matanga, nitabaki na wageni wangu maisha yote.

Basi ni leo. Léocadie anapika sombe, majani yetu ya muhogo, na ugali, anasema ni kwa heshima ya Joan. Nimemwacha aamini hivyo. Gari nimelitoa nje, garage nimefagia, mlango uko wazi, na jua linaingia kama juzi. Simenti inang'aa — karibu kama maji.

Shida ni viti! Watu wamesimama miaka yote hiyo, halafu niwaalike wasimame tena?

Ndikumana hashiki simu. Nimemwachia ujumbe: Ndugu yangu, vile viti vyangu vya plastiki, ulivichukua kwa harusi ya binti yako Diane, ukasema utavirudisha Jumatatu. Diane sasa ana mtoto anatembea. Nirudishie leo, tafadhali, jua bado lipo. Vyote. Hata kile cha mguu uliopasuka — nitakikalia mimi.