Udongo wa Mutarule

Kimanga, Uvira

Mama mupenzi,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu kwa moyo wote, weye na shamba lako la mihogo, hata na yule mbuzi wako mwizi. Magoti iko namna gani? Sisi huku tuko wazima. Ndagala zimepatikana ziwani wiki hii, na tumbo langu limekuwa kubwa hata viatu vyangu sivioni tena. Mume wangu Héritier iko anakusalimia.

Ulisikia kwamba dawa yangu ya virusi imeshindwa. Ni kweli, ilishindwa. Waliponipima damu walikuta virusi vimepanda, minye ninayemeza kidonge kila siku redio ikianza habari! Héritier alikasirika. Aliniuliza kama nakitema, kama nagawia muntu, kama nataka mtoto wetu azaliwe na ugonjwa. Loo, niliumia! Nikamjibu kwamba kama kuna kidonge kilichotupwa, akakitafute kwenye tumbo la bata wake.

Pale kituo cha afya, Madame Délice, muuguzi wetu, hakunigombeza. Alieleza kwamba ile dawa ya kwanza inashindwa kwa njia nyingi: mwingine anaruka siku, mwingine anagawana na ndugu, mwingine barabara ya Mulenge inafungwa na dawa inamwishia, mwingine aliambukizwa virusi ambavyo vilikwisha kuizoea. Kabla ya kunibadilishia, alitaka kujua njia yangu ni ipi. Aliniambia nimeze mbele yake, vilevile kama nyumbani.

Nikameza na maji. Halafu, bila hata kufikiri, mkono ukaingia kwenye kitenge, ukatoa kipande cha udongo wako wa kichuguu, ule unaoukausha juu ya moshi, nikatafuna. Mama, yule mwanamke aliruka kwenye kiti! Aliuliza huwa naula saa ngapi. Nikasema papo hapo juu ya kidonge, kila siku, ndio unaotuliza kichefuchefu, na mama yangu ndiye ananitumia. Alicheka mpaka akashika meza, kisha akaacha kucheka. Alisema udongo unaikamata dawa tumboni na kutoka nayo. Damu inabaki na makombo tu, na virusi vikionja dawa kidogo kidogo, mwishowe vinaizoea.

Niliuacha siku ileile. Usinicheke, hamu ilinitesa hata nikawa nanusa ukuta baada ya mvua. Lakini majuzi nimepimwa tena, na majibu yamerudi: virusi havionekani! Madame Délice amesema dawa ni ileile, hakuna kubadilisha, na mtoto tunamtegemea azaliwe mzima. Héritier ameomba msamaha na amechinja bata. Mapaja yote mawili nimekula minye.

Sasa kaa chini, Mama, maana sababu ya barua hii ni weye. Sikupiga simu kwa kuwa simu yako inasikilizwa na majirani wote. Kabla sijaanza dawa, uliniambia nitaota ndoto za ajabu na asubuhi moyo utachafuka, nifuatishe udongo. Yote yakawa vilevile. Nani alikuwa amekuambia? Noeli nilipokuja kwako Mutarule, redio ilipoanza habari niliingia chumbani kumeza, na kupitia dirisha nikakuona nyuma ya jikoni. Ulitia kidonge mdomoni, ukanywa maji, ukatafuna udongo. Nilinyamaza kwa heshima. Leo heshima hiyo inaweza kukuua, kwa hiyo nimeiweka pembeni.

Sikulaumu hata kidogo. Ulinitumia kile kilichokusaidia weye mwenyewe. Ile methali ya mficha maradhi siiandiki, maana ni weye uliyenifundisha. Ila nakuomba, Mama, acha udongo leo, si kesho, wakupime virusi vimefika wapi. Kama unaogopa macho ya watu wa huko, njoo huku. Madame Délice hana mdomo wa kutembeza habari, na minye nataka mjukuu wako akukute.

Udongo ulionitumia mara ya mwisho nimeuponda, nikautia kwenye sufuria iliyotoboka, nikapanda mboga za lengalenga. Zimeshaota. Njoo tuzile pamoja, na redio ikianza habari tutameza sisi wawili mezani, mbele ya Héritier. Nyuma ya jikoni hatuendi tena.

Mungu akushike mkono njiani. Nakungoja.

Ni minye mtoto wako,
Sabine