Meseji Iliyomwita Mama Salome

Singida, Jumanne usiku

Na nilimwambia meneja mapema. Kanzidata ya kiwanda inahifadhi majina ya wakulima na siku ya kila mmoja kuleta alizeti. Foleni ya ujumbe ni mfumo mwingine kabisa, kazi yake kuwatumia meseji za kuwaita kwa zamu. Nilimwomba muda niiunganishe vizuri na kanzidata, meseji isitoke kabla kanzidata haijathibitisha kwamba imehifadhi jina.

"Wewe unganisha tu," akasema. "Tukichelewa, wanunuzi wengine watatuwahi."

Jana umeme ukakatika tukiwa tunaingiza majina. Kanzidata haikuhifadhi hata moja. Foleni, isiyotegemea umeme wetu, ikatuma meseji zote.

Leo Mama Salome amefika getini kutoka Kinyangiri, magunia yake juu ya lori la kukodi. Mlinzi akatafuta jina lake, hakuna. Meneja akakataa kumpokea, eti ghala ni la wenye majina. Dereva naye hakutaka kusubiri, akashusha magunia barabarani. Walanguzi waliosimama pale nje wakaona hana pa kwenda, wakayachukua kwa bei ya kutupa.

Nikamfuata, nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Si simu yenu ndiyo iliyoniita?"

Nikaanza kumweleza habari za umeme na kanzidata na foleni. Sijui hata kwa nini nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba nifute namba yake.

Nimeifuta mbele yake. Akanishukuru.

Bora angenitukana.