Mama Amesahau Kiingereza

Choiseul,
Santa Lucia.
11 Mei 1993

Mpendwa Dada Dosia,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu kwenye joto. U mzima? Kile kifua chako kimetulia, au baridi ya Uingereza bado inakionea? Shemeji Alban na mapacha hawajambo? Sisi tunapumua. Mvua imewahi mwaka huu, na mashelisheli yanaanguka yenyewe hata nguruwe wa jirani wameyachoka.

Mama mguu umepona kabisa. Anakula, anagombana, anapaka nywele mafuta kila asubuhi. Kiingereza tu ndicho hakijarudi. Tangu alipoanguka Januari ni Krioli tupu, na daktari alisema kichwa kikigongwa huwa hivyo, tungoje. Ndiyo maana ukipiga simu humsikii ila akihema.

Unakumbuka alivyotupigisha magoti kwenye changarawe tukitamka neno moja la Krioli? Alisema ni lugha ya wakubwa, ya siri zao na matusi yao. Wewe ulitii. Mimi nikapelekwa kwa Bibi kule kwenye mashamba ya kakao, na Bibi hakujua lugha nyingine. Basi leo ni mimi peke yangu ninayemwelewa mama yetu, na nimefungwa naye humu ndani.

Nilikuandikia kuhusu ile kazi ya jikoni hotelini, kisiwani Martinique. Wanataka mpishi anayejua Krioli. Hebu fikiria, Krioli kunifaa mimi kitu! Watanisubiri hadi mwisho wa mwezi. Nilimpata msichana wa mjini Castries wa kumtunza Mama, msafi, mpole, ila Krioli hajui hata ya kuombea maji. Mama alimrushia maneno siku tatu. Siku ya nne akabeba mkoba wake akaenda zake akilia, nami nikarudisha nguo zangu kabatini.

Sasa sikia yaliyotokea Alhamisi. Nilikuwa chini ya nyumba nafua, wahubiri wawili wakabisha hodi juu. Nikasikia sauti ya Mama, kwa Kiingereza kilichopigwa pasi: “Mabwana, mimi nilibatizwa kabla baba zenu hawajazaliwa. Na huyo mbwa mnayemwona hajafungwa.” Wakashuka ngazi mbilimbili. Dosia, nilicheka mpaka nikakalia beseni. Kisha kicheko kikakatika, maana nilielewa.

Nilipanda juu na mikono yangu ya sabuni. “Mama, tangu lini?”

Akanijibu kwa Krioli, hata hakugeuka. “Tangu lini nini? Umeota, wewe. Kakao yangu iko wapi?”

Sikumpa. Nilisimama pale mpaka akachoka.

“Nikirudisha Kiingereza utamleta tena yule kasuku wa mjini,” akasema, “nawe utapanda boti. Dosia nilimpa Kiingereza, akaondoka nacho. Wewe sikukupa kitu. Ndiyo maana umebaki.”

Nikampa kakao yake, nikaenda kulia bombani. Nina hasira naye, tena namhurumia, na sijui nianze na lipi. Zamani nilijiambia kinachonifunga ni ugonjwa, na ugonjwa huisha. Daktari sijamwambia, wala Padri. Watacheka tu, waseme bibi kizee mjanja, na mimi nitabaki palepale kwenye jiko lake.

Kwa hiyo nakuomba wewe. Kila barua unaniita mvumilivu na kumshukuru Mungu kwa ajili yangu. Acha, dada. Omba likizo uje ukae naye. Yeye atajifanya haelewi, wewe utakuwa huelewi kweli, na mtazoeana hivyo hivyo.

Nisalimie Shemeji Alban, uwabusu mapacha. Mama wa ubatizo Eudoxie anakusalimu, na anauliza kama bado unaimba kanisani.

Mungu akufikishe salama Ijumaa yoyote ya mwezi huu. Boti ya Martinique huondoka Jumamosi.

Mdogo wako akupendaye bado,
Verlina