Baada ya Lucius Kuvunjika

Chuo cha Tillery, Mississippi
22 Septemba 1974

Kwako Dada Vernell,

Habari za Chicago, na habari za miguu? Natumaini uvimbe umepungua na wodini wanakuachia nafasi ya kukaa kidogo. Mimi mzima wa mwili, ila moyo haujatulia. Nimetoka kanisani sasa hivi na sikusikia hata neno moja la mahubiri.

Jana tumempoteza Lucius. Hajafa, usishtuke. Ni Lucius Dantzler, mrushaji wa timu yetu ya mpira wa Kimarekani, yule niliyekuja naye Krismasi akala pai ya viazi vitamu mpaka ukamficha sahani. Unajua timu yetu ilivyokuwa. Lucius anapewa mpira, anarudi nyuma, anaurusha mbali, na mtu wetu anaudaka huku anakimbia. Sisi wengine kazi yetu ni kusimama mbele yake asiguswe. Timu nzima ilikuwa mkono wa mtu mmoja.

Tulikuwa tunacheza na timu ya Calloway. Lucius alikuwa ameshauachia mpira, uko hewani, wote tunautazama. Mlinzi wao akaja chini chini akamgonga goti kwa kofia yake ngumu, kwa pembeni, mguu ukiwa umekanyaga. Nilikuwa karibu, dada. Mguu ulikunjika upande ambao mguu haukunjiki. Lucius hakulia. Aliutazama tu, akaniambia, "Ezell, nifunike." Nikavua jezi yangu nikamfunika.

Yule mlinzi alikuwa anacheka na wenzake. Nikamfuata. Nilimshika chuma cha kofia kinachokinga uso, nikamzungusha mpaka kofia ikachomoka, nikampiga nayo mdomoni. Meno mawili yalibaki kwenye nyasi. Ilibidi watu wengi wanivute kumtoa chini yangu. Nimefungiwa mechi moja. Najua utanigombeza, basi gombeza, ila sijutii.

Kocha Broadnax amejifungia tangu jana. Amekaa ofisini kwake na taa amezima.

Ni mimi mdogo wako,
Ezell


Chicago
29 Septemba 1974

Mdogo wangu Ezell,

Miguu bado imevimba, na kukaa hapa ni kwa madaktari. Namshukuru Mungu u mzima. Barua yako nimeisomea kwenye chumba cha mapumziko, nikiwa na damu ya mtu mwingine kwenye soksi. Kwenye wodi ya dharura Jumamosi ni siku ya visu. Jana nilimshikilia bwana mmoja matumbo yake kwa mikono miwili, yeye ananiuliza kama viatu vyake viko salama.

Kwa hiyo usidhani mimi ni mtu wa kutishika na damu. Lakini meno mawili, Ezell. Unaniandikia meno mawili kama mtu aliyeokota karanga. Mama alituacha ukiwa mtoto wa darasa la pili, nikakulea kwa mkate wa mahindi na shingo za nguruwe mpaka ukawa na shingo kama yao. Sikukulea uwang'oe watu meno.

Mpe Lucius pole nyingi. Mwambie asimsikilize anayemwahidi kwamba atarudi uwanjani msimu huu. Nimeona magoti mengi.

Na sasa atarusha nani? Naona timu yenu itakuwa ya kuimba kwaya.

Nakupenda, mjinga wewe.
Dada yako,
Vernell


Tillery
13 Oktoba 1974

Dada yangu mpenzi,

Nimepokea barua na soksi. Soksi zinanitosha, ahsante. Hali yangu nzuri, nina michubuko tu.

Umeuliza atarusha nani. Yupo Purvis Gaines. Kijana mwema, mtoto wa mchungaji, anarusha mpira kama mtu anayewatupia kuku mahindi. Tulijaribu naye mechi ile niliyofungiwa tukachapwa vibaya. Jumatatu yake Kocha akatukusanya, akasema, "Mkono hatuna tena. Tuna kichwa cha Ezell." Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Sasa tunacheza hivi. Tunajipanga bega kwa bega, tumebanana kama ng'ombe mlangoni. Purvis anapokea mpira, ananitia tumboni, mimi nainamisha kichwa napita katikati. Nikiangushwa, tunajipanga, napita tena palepale. Hakuna kurusha. Kila mtu uwanjani anajua mpira unakuja kwangu, na Kocha anataka wajue.

Mazoezi yamebadilika. Kocha amefunga kamba mbili sambamba, kati yake wanaingia watu wawili tu, kila mmoja upande wake. Anapuliza filimbi mnakutana. Anayebaki amesimama ndiye anayekunywa maji. Jumatano mwenzetu Tobias alivunjika mfupa wa bega, ukatokeza chini ya ngozi kama kidole. Kocha akasema, "Mtoeni kwenye kamba, anatuzibia." Tukamtoa, mazoezi yakaendelea. Mimi nilikunywa maji siku hiyo mpaka tumbo likajaa.

Jana tumeshinda, saba kwa sita. Chini ya lile rundo la watu kuna mambo mwamuzi hayaoni, dada. Wanakung'ata. Wanakutia vidole machoni, wanakukamata pumbu wanaziminya, na huku wanamtukana mama yako. Mmoja alinitemea mate nikiwa chini, akaniambia, "Rudi tena, ng'ombe." Nikarudi. Nilimpiga kwa paji la kofia chini ya kidevu, akalala, macho yamegeuka meupe. Nikamruka nikavuka mstari wao wa mwisho, pointi zikawa zetu. Watu jukwaani wakaanza kuimba jina langu.

Nitakwambia ukweli wangu, na usimwambie mtu. Nilifurahi. Maisha yangu yote nimesimama mbele ya Lucius watu wanamwimba yeye.

Mdogo wako,
Ezell


Tillery
27 Oktoba 1974

Dada Vernell,

Salamu. Mimi mzima. Samahani kwa mwandiko, kidole cha kati kimetoka mahali pake na mwanga unaniumiza macho, nimefunga pazia.

Tumeshinda tena, na wiki iliyopita pia. Timu ya jana ilikuwa na jitu moja nililimaliza. Tuligongana mara ya tatu au ya nne, nikasikia mkono wake umevunjika, nikaukanyaga nikapita. Alikuwa analia jina la mtu. Mimi nilianguka baadaye nikiwa peke yangu, hakuna aliyenigusa. Kocha alinipa chupa ya kunusa ya kumzindua mtu, inachoma mpaka kisogoni, nikarudi. Nilitapika kwenye basi, wenzangu wakacheka.

Sijui nimekuambia kuhusu Purvis. Ndiye anayechukua nafasi ya Lucius. Mtoto wa mchungaji, anarusha mpira kama mtu anayewatupia kuku mahindi.

Lucius ametoka hospitali, anatembelea magongo. Anakuja mazoezini, anakaa kwenye ndoo anatutazama.

Ukizungumza na Mjomba Hosea mwambie nitakuja kumsaidia kuchinja nguruwe Desemba, asitafute mtu mwingine.

Ezell


Chicago
2 Novemba 1974

Ezell,

Leo sina salamu ndefu. Soma hii umekaa.

Mjomba Hosea tulimzika Aprili. Ulibeba jeneza, ulikuwa mbele kushoto, na ulilia mpaka ukachafua kola ya shati. Kuku wa Purvis umeniandikia mara mbili kama kichekesho kipya. Unaanguka bila kuguswa. Unatapika. Umejifungia gizani.

Mwaka jana waliniletea bondia, kijana wa umri wako, ametembea mwenyewe kuingia wodini. Mboni moja ya jicho ilikuwa kubwa kuliko nyingine. Aliniambia kichwa kinamgonga kidogo, akaomba sigara. Nilipokwenda kumtafutia daktari na kurudi alikuwa amekauka mikono kama mtu anayejikinga. Hakuamka tena. Nilimwosha mimi.

Nimempigia simu huyo Kocha wako. Nikajitambulisha vizuri, nikamweleza. Akaniambia, "Bibi, nina vijana arobaini, na ni mmoja tu anayesogea mbele."

Nikamuuliza, "Na akifa?"

"Hajafa mtu kwenye timu yangu."

"Mimi nimekuuliza akifa."

Akasema ana kikao, akakata simu.

Sasa wewe. Jitazame kwenye kioo, mboni zako zinalingana? Nenda kwa daktari wa mjini, si yule mpaka dawa wa timu. Na niahidi kwamba hutaubeba huo mpira tena. Sikuombi kama dada. Mimi ndiye niliyekuwa mama yako. Niandikie kwa maneno yako kwamba hutaubeba.

Vernell


Tillery
10 Novemba 1974

Dada,

Nimekaa na barua yako siku nyingi. Nilijaribu kuyakumbuka mazishi ya Mjomba. Nakumbuka mvua na viatu vyako vyeupe vya kazini, kwa sababu ulikuja moja kwa moja kutoka kwenye treni. Jeneza silikumbuki. Niliogopa sana. Nilikaa kwenye sakafu ya bafu nikakuita, kama nilivyokuwa nikikuita nikiwa mdogo.

Mboni zinalingana. Nimemwambia Purvis azitazame, akazitazama muda mrefu akasema zinalingana. Mjini sijakwenda. Nitakwenda.

Nilikwenda kwa Kocha nikamwambia sibebi tena. Alirusha kiti kikapasua kioo cha kabati. Akaniambia nimekuwa mwanamke, na dada yangu ndiye mwanaume. Imebaki mechi moja, na Harkness, na Harkness msimu huu wamepeleka watu wengi hospitali kuliko ajali za barabarani. Akasema bila mimi atapeleka nini pale, kwaya?

Lucius alikuwa mlangoni na magongo yake. Akasema, "Kocha, usimlazimishe. Mwache asibebe. Nina wazo." Wakafunga mlango, wakakaa humo hadi chakula kikapoa.

Kwa hiyo mambo yamekwisha vizuri. Nakuahidi, kwa kaburi la Mama, sitaubeba mpira siku ya Harkness, wala siku nyingine.

Sasa lala usingizi.

Mdogo wako,
Ezell


Tillery
24 Novemba 1974

Dada Vernell,

Huu si mwandiko wangu, ni wa Lucius. Mkono wangu wa kulia uko kwenye plasta. Maneno ni yangu, namwambia anaandika. Niko hospitali ya mjini, kwa hiyo mjini nimekwenda kama ulivyotaka.

Ahadi yangu nimeitimiza. Sikuubeba mpira hata mara moja. Sikiliza tulivyofanya. Tunajipanga kama siku zote, tumebanana. Purvis ananitia mikono tumboni, halafu anaitoa na mpira anauficha nyuma ya paja. Mimi nafumba mikono kama nimebeba, nainamisha kichwa, naingia katikati. Harkness wote wananirukia mimi. Purvis anazunguka pembeni peke yake, anatembea karibu kama mtu anayekwenda dukani.

Mara ya kwanza walipogundua walikuwa wameshanibwaga na Purvis yuko mbali. Wakakasirika. Wakajua tunawadanganya, lakini hawawezi kuniacha, maana je, kama safari hii ninao? Kila mara ilibidi wanipige. Wana mlinzi anaitwa Cato, ana mikono kama mapaja. Alinipiga nikatema damu kwenye chuma cha kofia, akanipekua tumboni, akakuta hakuna kitu. Akaniambia, "Uko wapi?" Nikamwambia, "Utafute." Akanipiga tena nikiwa nimelala. Mkono ulivunjika hapo, walikuwa wanafungua vidole vyangu kutafuta mpira.

Baada ya mapumziko sikumbuki. Lucius ananisimulia. Anasema kwenye mstari wa mwisho kabisa, tukiwa nyuma kwa pointi tatu, walinivamia timu nzima, na kofia yangu ilitoka, na Purvis akavuka upande wa pili bila mtu kumgusa. Anasema uwanja mzima ulikuwa unamkimbilia Purvis na mimi bado niko chini.

Tumeshinda, dada. Nasi hatuna mkono.

Ezell

Dada Vernell, hapa ni mimi Lucius, amelala. Wazo lilikuwa langu. Siwezi kukimbia wala kusimama nirushe, nikadhani angalau naweza kufikiri. Nilisema hatabeba mpira, na wote tukaridhika na neno hilo, na mimi nikijua watampiga vilevile. Amekuwa akipoteza fahamu na kurudi. Barua hii fupi imetuchukua siku nzima. Ameniuliza nani alishinda zaidi ya mara ninazoweza kuhesabu, na kila nikimjibu anafurahi upya. Mchana aliniita Hosea. Mboni hazilingani. Tafadhali njoo.


Chicago
27 Novemba 1974

Lucius,

Mabasi yote yamejaa kwa sikukuu ya Shukrani, nimepata nafasi ya keshokutwa. Barua hii nimempa shemasi wetu anayeshuka huko leo na gari lililojaa watoto wake. Yako na yangu tutazungumza nikifika. Kwa sasa kaa hapo ulipo usiondoke. Hii ya chini ni yake. Akiuliza, msomee. Akiuliza tena, msomee tena, na usimwonyeshe kwamba umechoka.

Ezell, mdogo wangu,

Uko hospitali. Umelala kitandani na mkono wako umefungwa kwa sababu umevunjika. Usiutikise. Anayekusomea ni Lucius, rafiki yako.

Mlicheza na Harkness na mlishinda. Purvis ndiye aliyevuka mstari. Wewe hukubeba mpira. Uliniahidi, na ulifanya kama ulivyosema.

Mjomba Hosea alifariki, ulimbeba vizuri. Mama alifariki zamani, usimngojee. Nimekasirika, lakini sijakukasirikia wewe.

Mwanga ukikuumiza, mwambie Lucius afunge pazia. Mtu yeyote akija na filimbi au chupa ya kunusa, mwambie Lucius amtoe, ana magongo mawili.

Mimi niko njiani. Nikiingia utaona mwanamke mnene mwenye viatu vyeupe amekaa kando yako. Ukinitazama usinijue, usiogope na usione haya. Nitakutajia jina langu, na ukisahau nitakutajia tena.

Dada yako,
Vernell